Aliyepiga hodi na aliyeruka ukuta: sera tatu za uhamiaji, na ninayoichagua

Nina steshenari Kurasini, si mbali na ofisi za Uhamiaji. Kazi yangu ni kopi, picha za pasipoti, kuskani vyeti na kumsaidia mtu kujaza fomu za mtandaoni anapokwama. Kwa hiyo habari za uhamiaji sizipati magazetini tu. Zinaingia dukani kwangu kila asubuhi zikiwa ndani ya bahasha.

Kuna wiki moja niliwahudumia watu wawili ambao hadi leo hawajanitoka kichwani. Wa kwanza alikuwa mama wa Kikenya, mwalimu wa hisabati aliyepata mkataba katika shule moja ya binafsi. Alikuwa na kila karatasi: mkataba, vyeti vya chuo, barua ya mwajiri, wasifu, picha. Alinirudisha kwenye mashine mara mbili kwa sababu muhuri wa cheti kimoja ulitoka hafifu. Kwa kuwa kibali kilikuwa hakijatoka, hakuwa ameanza kufundisha, na mshahara nao haukuwa umeanza.

Siku mbili baadaye akaja kijana kutoka nchi jirani nyingine. Alitaka nimchapie barua ya serikali ya mtaa, yenye muhuri, inayomtaja kuwa mzaliwa wa Temeke. Nilikataa. Hakukasirika hata kidogo. "Kaka, mimi nina miaka minne hapa," alisema. "Kuna siku watatangaza tu, tuliopo wote tutaandikishwa. Nasubiri."

Wote wawili walikuwa wanasubiri. Mmoja alisubiri mlangoni, mwingine alisubiri akiwa ameshakaa sebuleni. Na kijana yule hakuwa mjinga. Alikuwa amepiga hesabu zake, na hesabu hizo hazitokani na tabia yake peke yake bali na sera. Palipo na sera legelege, subira yake ina faida kuliko ya mwalimu.

Niseme msimamo wangu mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Katika jambo hili mimi ni mhafidhina. Naamini nchi ni nyumba yenye wenyewe, kwamba mgeni hupiga hodi, na kwamba neno "karibu" lina thamani kwa sababu mwenye nyumba angeweza pia kusema "leo hapana". Simchukii mgeni, wageni ndio wanaolisha watoto wangu. Lakini nimechoka kusikia mjadala huu ukiendeshwa kana kwamba kuna pande mbili tu, fukuza wote au acha wote. Nimejaribu kuziweka sera tatu ubavu kwa ubavu, na kila moja nimeiuliza swali lilelile: inamwambia nini mtu aliyepanga foleni?

Anayevuka kila siku kwenda Kigamboni kwa pantoni ataelewa kwa nini nimechagua swali hilo. Foleni haivunjwi na wingi wa watu. Inavunjwa siku ile watu wanapoona waliopita pembeni wamepanda kwanza na hakuna aliyewauliza.

Msamaha wa jumla: Marekani, 1986

Hii ndiyo sera aliyokuwa akiiota yule kijana, na bahati nzuri hatuna haja ya kubuni matokeo yake, kwa sababu Marekani waliijaribu. Tarehe 6 Novemba 1986 Rais Ronald Reagan, kipenzi cha wahafidhina wa kwao, alisaini sheria iliyowapa njia ya kuhalalishwa watu waliokuwa wakiishi nchini humo bila ruhusa tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1982, pamoja na kundi la vibarua wa mashambani. Takriban watu milioni 2.7 wakapata ukaazi halali.

Ilikuwa biashara ya kupeana. Upande mmoja ulipewa msamaha, upande wa pili ukaahidiwa kwamba kuanzia hapo mwajiri atakayemwajiri kwa makusudi mtu asiye na ruhusa ataadhibiwa. Ukilisoma wazo lenyewe, halina ubaya: tunasafisha daftari mara moja, kisha tunafunga mlango. Tatizo ni kwamba msamaha ulitolewa papo hapo, na mlango ukaachwa kwa baadaye. Sheria ilimtaka mwajiri aangalie karatasi zinazoonekana kuwa halali, haikumtaka ahakikishe kwamba ni halali kweli. Mtu wa steshenari kama mimi anajua kinachofuata. Soko la kadi za kughushi likastawi, mwajiri akawa anasema "mimi niliona kadi", na mchezo ukaendelea. Mfumo wa kuhakiki kwa kompyuta ulikuja kama majaribio katika miaka ya 1990, na sheria ya shirikisho haijawahi kuulazimisha kwa waajiri wote wa nchi nzima. Jimbo la Arizona liliulazimisha kwa sheria yake ya mwaka 2007, wafanyabiashara wakaenda mahakamani kuipinga, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema jimbo lilikuwa na haki.

Kufikia mwaka 2007, makadirio ya watu wanaoishi Marekani bila ruhusa yalikuwa takriban milioni 12. Sidai kwamba msamaha peke yake ndio uliowaleta. Uchumi ulivuta, na umaskini wa kwao ulisukuma. Lakini msamaha ulifundisha somo moja ambalo lilifika hadi Temeke: ukivumilia vya kutosha, watakuandikisha.

Sasa rudi kwenye foleni. Raia wa Marekani anaruhusiwa kumwombea kaka au dada yake aje kuishi. Kwa ndugu aliyeko Meksiko, kusubiri huko kumekuwa kukizidi miaka 20. Yule ndugu aliyekaa kwao akitii sheria kwa miaka yote hiyo, msamaha wa jumla unamwambia nini? Unamwambia alikosea. Mimi sioni jibu jingine, na ndiyo maana siwezi kuiunga mkono sera hii hata inapoletwa kwa maneno ya huruma.

Mtu aliyeliweka suala hili vizuri kuliko wengi hakuwa mhafidhina. Barbara Jordan, mwanamke mweusi kutoka Texas, mbunge wa zamani wa chama cha Democratic, aliongoza tume ya mageuzi ya uhamiaji ya nchi hiyo katika miaka ya 1990. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza: sera inaaminika pale wanaostahili kuingia wanapoingia, wasiostahili wanapozuiwa, na wasiotakiwa kuwepo wanapoondoka. Alisisitiza pia kwamba anayekuja kwa sheria apokewe vizuri na asaidiwe kuwa mwenyeji. Hapo ndipo wengi wa upande wangu husahau nusu ya pili.

Kidogo kwa vijana wetu, maana nao hunijia kuuliza. Kuna wanaoambiwa na marafiki kwamba "we ingia tu kwa viza ya matembezi, ukifika mengine yatajipanga". Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1996, aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 kisha akaondoka hufungiwa kurudi kwa miaka 3. Akifikisha mwaka mmoja au zaidi, hufungiwa miaka 10. Nimemwona mtu aliyefungiwa hivyo. Alimzika mama yake hapa, na watoto wake wako kule.

Operesheni: Kagera, Kigoma na Geita, 2013

Hapa ndipo watu wa kijiweni kwetu hunishangaa, kwa sababu wanadhani mhafidhina lazima apende operesheni.

Mwaka 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa Kagera, aliwapa wahamiaji haramu na wenye silaha wiki mbili waondoke au wajisalimishe. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga. Hofu iliyoizaa ilikuwa ya kweli: ujambazi wa barabarani, silaha zilizovuka mpaka, makundi makubwa ya ng'ombe kutoka nje yaliyoingia kwenye malisho na hifadhi. Serikali isiyojali hayo ingekuwa imewatupa wananchi wake. Maelfu kwa maelfu waliondoka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda.

Lakini operesheni ina ugonjwa wake, na watu wa Dar tunaujua kwa sababu tumeziona nyingi za kuwaondoa wamachinga. Inakuja kwa kishindo, inabeba aliye mbele, kisha askari wanachoka na barabara inajaa tena. Kule mpakani ubaya ulizidi. Mtu amekaa Karagwe miaka 30, ameoa Mtanzania, ana wajukuu, hajawahi kuwa na karatasi ya upande wowote. Jirani anayegombea naye shamba anaweza kumtaja jina, basi. Familia ziligawanyika. Wengine waliokuwa na haki ya kubaki walikosa tu cheti cha kuonyesha.

Mimi napinga operesheni kwa sababu za kihafidhina. Sheria inayolala miaka tisa na kuamka wa kumi kwa hasira huwa imegeuka ghadhabu, na ghadhabu haibagui. Mhafidhina anataka sheria inayofanya kazi kama luku: umeme ukiisha unazimika leo, kwako na kwa jirani, bila kungoja kiongozi apite. Na kwa aliyepanga foleni, operesheni haimwambii lolote la kueleweka. Leo inamlinda, kesho inamkamata yeye kwa kuwa kibali chake kipo kwa mwajiri na hana kopi mfukoni.

Mlango wenye mlinzi: hii ndiyo yangu

Sera ya tatu haina jina la kupendeza. Inataka mambo mawili kwa pamoja, na ukiondoa moja imekufa: mlango wa halali uwe mpana, mwepesi na wenye jibu la haraka, na anayepita pembeni asipate faida yoyote kwa kupita pembeni.

Mfano mzuri kuliko wote tunao wenyewe. Mwaka 1972 mauaji nchini Burundi yaliwaleta wakimbizi wengi, wakapewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Hawakuvuka kwa kificho wakajichanganya mtaani. Waliandikishwa, wakajulikana walipo, wakapewa jembe kama methali yetu inavyotaka, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha wenyewe. Ilipofika mwaka 2007 na kuendelea, waliulizwa: mnarudi kwenu au mnaomba uraia? Wengi wakaomba, na zaidi ya watu 162,000 wakakubaliwa. Vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014. Kuna wanaouita huo msamaha. Sikubaliani nao kabisa. Msamaha ni kwa aliyekosa. Hawa walipiga hodi siku ya kwanza, wakasubiri zaidi ya miaka 35 mahali walipoelekezwa.

Na hapa niwaonye wenzangu wa mrengo wangu. Mkimbizi anayejisalimisha mpakani amepiga hodi kwa mikono miwili. Mwishoni mwa Aprili 1994, kama watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Kuwaweka watu hao kapu moja na mtu anayeghushi barua ya mtaa ni kukosa utu, na ni kukosa akili pia. Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen, tuzo ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, mwaka 1983 kwa namna nchi hii ilivyowapokea wakimbizi, na mimi kama mhafidhina naihesabu hiyo kuwa mali ya urithi.

Kwa wageni wa kawaida, sheria zetu zinaelekea huko ninakotaka, ingawa si kwa mstari ulionyooka. Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 kabla ya hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Awe na tabia njema, awe na mchango, ajue Kiswahili au Kiingereza. Mimi ningefuta hilo "au". Mtu aliyeishi hapa miaka yote hiyo bila Kiswahili ameishi na akina nani? Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya 2015 nayo inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi. Hiyo ni sera ya mtu anayejua anachotaka kwa mgeni wake.

Kisha ikaja amri ya Julai 2025, iliyotajwa sana Kariakoo. Wasio raia walikatazwa aina 15 za biashara: maduka ya rejareja, wakala wa pesa za simu, ufundi wa simu, saluni, udalali wa nyumba, uongozaji watalii na nyinginezo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo, na kufutiwa viza na kibali. Kenya ililalamika mara moja, na ina hoja, kwa kuwa sote tumesaini itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 2010.

Mimi naiunga mkono kwa sehemu. Kinyozi wa Mbagala hana mtaji wa kushindana na mtu aliyekuja na kontena. Kipengele kinachonifurahisha kuliko vyote ni kile kinachomwadhibu Mtanzania anayemkinga mgeni, yule anayeazima jina lake liandikwe kwenye leseni kisha anapokea chake kila mwezi. Huyo ndiye mwenye ukuta. Pia aliyekuwa na leseni hai aliachwa aendelee hadi muda wake uishe, na hapo nchi ilitimiza neno lake. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba amri haitofautishi vya kutosha kati ya aliyepiga hodi na aliyeruka. Mganda aliyekaa hapa kwa vibali miaka 10, kalipa kodi, kafungua saluni na kuajiri wasichana wanne wa Yombo, anaangukia kundi moja na aliyeingia jana kwa viza ya matembezi akafungua duka. Kwa kipimo changu cha foleni, hapo tumeteleza.

Hoja ninayoisikia kila siku

"Wote ni Waafrika, mipaka wamechora wazungu Berlin." Kijana mmoja muuza kahawa huniambia hivyo kila nikigusa mada hii, na huniambia kwa moyo mweupe. Namjibu kwamba mipaka ilichorwa na wakoloni kweli, lakini mwaka 1964 kule Cairo viongozi wa Afrika huru walikubaliana kuiheshimu, Nyerere akiwa mstari wa mbele, kwa sababu waliona vita ambavyo vingezuka wakianza kuichora upya.

Na kuna jambo zito kuliko Berlin. Juni 2012 Waethiopia zaidi ya 40 walikutwa wamekufa mkoani Dodoma, wamekosa hewa ndani ya lori, miili imetupwa porini. Walikuwa safarini kwenda kusini. Machi 2020, wengine 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena mkoani Tete, Msumbiji. Kila mara serikali yoyote inapolegeza macho na kusema "wapite tu", anayesikia kwanza ni msafirishaji mwenye lori. Anayesema huruma ni kuacha njia za panya zifanye kazi aitazame hiyo njia inapoishia.

Basi uchague ipi?

Inategemea umekaa kiti gani. Kama wewe ni mwajiri, sera ya msamaha na ile ya operesheni zote mbili zinakuacha ukibahatisha. Ya tatu inakugharimu muda na ada mwanzoni, kisha unalala usingizi. Kama una nyumba ya kupangisha, dai kibali kama unavyodai kodi ya miezi sita, na usidanganywe na kopi: omba uone chenyewe. Kama wewe ni kijana wa hapa unayetaka kwenda nje, ujue nchi nyingi zimeelekea mlango wenye mlinzi. Kanada wanapima kwa alama tangu 1967, elimu, lugha, umri na kazi, na mtu anaweza kujipima akiwa bado Buguruni kabla hajauza kiwanja.

Na kama ni suala la kumwambia mbunge wako unataka nini, mimi ningemwambia haya. Kibali cha mtu mwenye karatasi kamili kiwe na siku za kutoka zinazojulikana, na siku zikipita mwombaji apewe sababu kwa maandishi. Faini ya mwajiri, dalali na mwazima jina iwe kubwa kuliko ya mgeni mwenyewe. Msako uwe wa kila wiki, mdogo, unaogusa mahali pa kazi badala ya vituo vya daladala. Waliokaa miaka mingi vijijini mpakani wasikilizwe mmoja mmoja, mbele ya wazee wanaowajua, kabla ya mtu yeyote kupandishwa gari. Na asitangaziwe mtu msamaha wa jumla, hata mwaka wa uchaguzi.

Yule kijana hajarudi. Huenda kuna mwenzangu wa barabara ya pili aliyemchapia barua yake.

Mwalimu alirudi baada ya wiki kadhaa, kibali kimetoka. Aliomba kopi tatu. Moja ya shule, moja ya kuweka mwenyewe. Ya tatu alisema anampelekea mwenye nyumba wake. Hakuombwa, alitaka tu ajue anaishi na nani.